Bi Mkubwa aseme mwisho: namna ya kuendesha kikao cha hisa watu wakasema ya moyoni

Friza yetu ilikaa ukumbini kwangu, hapa Wete, Pemba, zaidi ya mwaka mzima, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na ndani mna unga na mashuka ya wageni. Ilinunuliwa laki saba na nusu, fedha za kikundi chetu cha hisa, wanawake 25, ili tuuze barafu na juisi ya ukwaju. Tuliuza miezi minne. Umeme ukikatika barafu inayeyuka, umeme ukirudi bili inapanda, na jirani wa nyumba ya tatu naye akanunua friza yake.

Fedha ziliniuma, lakini muhtasari wa kikao tulichoamua kuinunua uliniuma zaidi. Mie ndiye katibu, na niliuandika kwa mkono wangu: "Wajumbe wote wameafiki." Mikono 25 ilikuwa juu, na wangu ukiwemo. Biashara ilipokufa nikaanza kuwauliza wenzangu mmoja mmoja, mferejini, msibani, njiani kwenda sokoni: shoga, siku ile wewe hasa ulitaka friza? Kumi na wanne wakaniambia hawakutaka. Nikijihesabu na mie, kumi na tano. Kumi na tano katika ishirini na tano! Kila mmoja alitazama mikono ya wenzake akadhani mwenye wasiwasi ni yeye tu, naye akaunyanyua wake.

Nimesomesha skuli ya msingi miaka thelathini na moja, na chuoni tulifundishwa saikolojia ya watoto na kujifunza kwao. Ile ya jamii, ya namna mtu anavyobadilika akiwa mbele ya watu, niliisoma baada ya kustaafu, kwa hasira ya friza. Haya ninayoyaeleza tumeyafanya kwenye kikao chetu cha Jumamosi alasiri, na mengine yalitushinda mara ya kwanza. Kamati ya msikiti inaweza kuyatumia, na kamati ya skuli pia. Kamati ya harusi ina maradhi yake, nitaigusa mbele.

Ficha mkono

Ukitaka kujua watu wanafikiri nini, usiwaambie wanyooshe mikono. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyezaliwa Poland akakulia Marekani, alilipima jambo hili kwa swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza asingelikosa. Aliwakalisha vijana wa chuo, akawaonesha kadi yenye mstari mmoja, kisha kadi yenye mistari mitatu, waseme upi katika mitatu uko sawa kwa urefu na ule mmoja. Kila mtu anajibu kwa sauti, kwa zamu. Kumbe wote wamepangwa na Asch, isipokuwa mmoja, na zamu ya huyo imewekwa karibu na mwisho. Mara kadhaa za mwanzo waliopangwa wanajibu vizuri. Halafu wote, kwa sauti ileile tulivu, wanataja mstari ambao mwenye macho anauona kabisa kuwa siyo. Inafika zamu ya yule mmoja.

Kwenye maswali hayo ya mtego, kiasi cha theluthi ya majibu yalifuata kosa la wengi. Katika kila watu wanne, watatu waliwafuata japo mara moja. Wale walioachwa wajibu peke yao, bila ya kusikia wengine, hawakukosea ila kwa nadra. Asch akawahoji baadaye. Wapo waliosema waliona vizuri ila hawakutaka kujitenga, na wapo waliosema walianza kuyatilia shaka macho yao. Sisi tuna neno letu, kufuata mkumbo, ila tunalitumia kuwasema vijana na mitindo yao ya nywele. Sijawahi kumsikia mzee akitoka kikaoni akasema, leo nimefuata mkumbo.

Kilichonifaa mie ni sehemu nyingine ya kazi yake. Alipomuwekea yule mtu mwenzake mmoja, mmoja tu, anayejibu sawasawa, makosa ya kufuata wengi yalishuka mpaka kiasi cha robo ya yalivyokuwa. Basi kazi ya katibu ni hiyo: kila mwenye shaka ajue mapema kwamba anaye mwenziwe.

Sisi tunafanya hivi. Wenzetu wanane hawaandiki vizuri, kwa hiyo karatasi tumeziacha. Kila mjumbe anapewa punje moja ya mahindi na moja ya kunde. Mahindi ni ndiyo, kunde ni hapana. Unapitishwa mkoba wa ukili wenye kifuniko, unaingiza mkono uliofumba, unaachia punje yako. Mara ya kwanza tulichekesha. Mkono ukitoka mkobani umebaki na ile punje ya pili, na watu wakawa wanachungulia viganja: "Aa, wewe umebaki na mahindi!" Kura ikawa ya wazi kuliko ile ya kunyoosha mikono, tena na kelele juu. Mwenzetu mmoja aliitia mdomoni punje iliyobaki ili isionekane, kunde mbichi, akaitafuna mpaka mwisho wa kikao.

Sasa mikoba ni miwili. Wenye utepe mwekundu ni wa kura, usio na utepe ni wa mabaki, na mkono unapita kwenye wote miwili na kutoka mtupu. Mabaki tunayahesabu pia, kwa sababu lazima yawe kinyume cha kura: kura zikiwa mahindi kumi na kunde kumi na tano, mabaki yawe mahindi kumi na tano na kunde kumi. Yasipolingana, kuna mtu ametia punje mbili mahali pamoja, tunarudia. Baada ya hapo kuku wangu wanapata chakula chao.

Tunapiga kura mara mbili. Ya kwanza ni kabla mtu hajasema neno, kujua tu tumesimama wapi, na haiamui kitu. Ukishatangaza "mahindi kumi, kunde kumi na tano", aliyedhani yuko peke yake anajua ana wenzake kumi na wanne ndani ya chumba hichohicho. Hapo mazungumzo yanakuwa mazungumzo. Kura ya pili, baada ya kusikilizana, ndiyo inayoingia kwenye muhtasari, nami ninaandika idadi. Maneno "wajumbe wote wameafiki" nimeyapiga marufuku kwenye daftari langu.

Bi Mkubwa aseme mwisho

Mwenyekiti wetu tunamwita Bi Mkubwa. Ana miaka sabini na ushee na amewazalisha wengi wetu au amewazalisha mama zetu. Siku ya friza alisema kabla hata kahawa haijamiminwa: "Mie naona tununue friza." Mkwewe alikuwa amekaa pembeni yake. Nani amjibu?

Anayesoma mambo haya hawezi kumkwepa Stanley Milgram. Mwaka 1961, chuo kikuu cha Yale, alianza kuwachukua watu wa kawaida na kuwaambia wamtie mwenzao wa chumba cha pili mshituko wa umeme kila akikosea jibu, wakipandisha kidogo kidogo hadi volti 450. Umeme wenyewe haukuwepo, na yule wa chumba cha pili aliyekuwa akigonga ukuta anaigiza, lakini mshiriki hakuambiwa. Akisita, msimamizi aliyevaa koti la maabara anamwambia tu kwamba ni lazima aendelee. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walikwenda mpaka mwisho. Amelaumiwa sana kwa kuwasumbua watu wale roho zao, na kwangu lawama ni za haki. Bi Mkubwa wetu hana volti wala koti, na Mungu anisamehe kuwataja mahali pamoja. Ninachokichukua kwa Milgram ni jaribio lake jingine, ambalo mshiriki aliwekewa wenzake wawili waliogoma katikati ya kazi. Hapo waliofika mwisho walikuwa 4 katika 40. Tumerudi kwenye habari ya kuwa na mwenzio.

Kumuomba mkubwa asitangulie kusema ni jambo la nyumbani kwake, usilifanye mbele za watu. Nilikwenda Alhamisi baada ya alasiri na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Leo una jambo. Vitumbua vyote hivi!"

Nikamwambia. Ukitangulia kusema, sisi tumekwisha, hatukubishii na wala hatukusaidii. Akanyamaza, akala kitumbua kizima.

"Kwa hiyo friza hamkuitaka?"

"Kumi na tano hatukuitaka."

"Na mie nilisema kwa sababu wifi yangu wa Chake anayo. Nilitaraji mtanikatalia."

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nicheke au nilie. Tangu siku hiyo anafungua kikao kwa dua, anasikiliza, na kauli yake ndiyo ya kufungia. Kwa mtu wa umri wake kusema mwisho ni heshima, kwa hiyo hakuna aliyeona kavuliwa kitu. Wanaoanza kusema ni walioingia kikundini karibuni.

Tumeongeza na zamu ya ndimu. Kila Jumamosi mmoja wetu kazi yake ni kulikamulia ndimu pendekezo lolote: litaharibikia wapi, nani atalipa likiharibika. Irving Janis, aliyeandika mwaka 1972 kuhusu vikundi vya wakubwa wa serikali ya Marekani vilivyoamua vibaya kwa kupenda kukubaliana, alishauri jambo la namna hii. Linasaidia, ila lisikudanganye. Watu wanajua mwenye ndimu anafanya zamu yake. Anayepinga kwa kuwa kweli haafiki anasikilizwa kwa masikio mengine, na huyo ukimpata usimkatize.

Taja jina, taja saa

Mwaka jana mwenzetu alilazwa kwa presha. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Jamani, mwenzetu kalazwa, anayeweza apeleke uji akamtazame." Watu 23 walisoma. Zikaja dua, vikaja viganja vya kuombea, yakaja maua. Uji haukwenda. Kesho yake jioni nilipofika mwenyewe nikamkuta anakula mkate wa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Niliwakasirikia wote, kisha nikakumbuka niliandika nini. John Darley na Bibb Latané walichapisha mwaka 1968 jaribio la wanafunzi waliokaa kila mmoja chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti, na ghafla mmoja anasikika kama kashikwa na kifafa. Waliodhani wamesikia wao peke yao, asilimia 85 walitoka kutoa habari kabla sauti haijakatika. Waliodhani yupo na msikilizaji mwingine mmoja, asilimia 62. Waliodhani wapo wengine wanne, asilimia 31. Wale waliobaki chumbani hawakuwa na roho mbaya, wengi walikutwa wanatetemeka. Kazi ikiwa ya wote, kila mtu anabeba kijisehemu chake, na kijisehemu hakimnyanyui mtu kitini. Wawili hao walianza kuchunguza baada ya mauaji ya Kitty Genovese, New York, mwaka 1964, ambapo gazeti liliandika kwamba watu 38 walishuhudia wasifanye kitu. Baadaye ikajulikana habari ile ilitiwa chumvi nyingi, lakini majaribio yamesimama kwa miguu yake.

Siku hizi ninaandika hivi: "Somo, uji wa kesho saa moja asubuhi ni wako. Wifi, saa kumi jioni ni wewe. Anayeshindwa anipigie leo kabla ya isha." Wakati mwingine wananuna kwamba natoa amri. Uji unafika.

Kila mtu na ungo wake

Msimu wa karafuu wa mwaka juzi kikundi kilikodi mikarafuu sita. Wachumaji tuliwalipa kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo, kama ilivyo desturi, na kuchambua tukasema tutafanya wenyewe. Karafuu mbichi haisubiri. Ikilala fungu moja inapata joto na kuharibika, kwa hiyo iliyochumwa leo ichambuliwe usiku huu ili kesho ianikwe. Tukakaa kumi na wawili kuzunguka jamvi, taa katikati. Unalishika konyo, lile shina la kishada, unalikandamiza kwenye kiganja, karafuu zinavunjika na kudondoka, konyo unalitupa kando. Viganja vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata kwa ndimu. Usiku ule hadithi zilikuwa tamu sana. Fungu lilikuwa moja, la wote, na tulipolipima likatoka pishi thelathini na moja. Kila mtu aliapa vidole vimekufa ganzi.

Kesho yake nikaja na nyungo kumi na mbili. Watu walewale, jamvi lilelile, hadithi zilezile, ila kila mtu anachambulia kwenye ungo wake, na mwisho nikapima kwa pishi ungo mmoja mmoja. Ikatoka hamsini na mbili. Na nikwambie yote: aliyekuwa wa mwisho ni katibu, pishi mbili na kibaba. Kumbe usiku wa kwanza nilikuwa nasimulia, sichambui.

Wenye mikarafuu walilijua hili zamani, ndiyo maana mchumaji analipwa kwa pishi yake. Kwa wenzetu wa vyuo alilianzisha Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliyewavutisha watu kamba na kuona kwamba wakizidi kuwa wengi kila mmoja anavuta kidogo zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Unaweza kusema ni kwa sababu hawakuvuta kwa pamoja. Ndipo mwaka 1979 Latané, yuleyule, pamoja na Kipling Williams na Stephen Harkins, wakawataka watu wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote. Wawili wakitoa kelele pamoja walifikia asilimia 71 ya uwezo wao, na sita asilimia 40. Halafu wakawafunga macho na kuwaziba masikio, wakawadanganya kuwa wapo na wenzao wanaopiga kelele wakati kila mtu yuko peke yake. Bado sauti ikapungua. Hiyo sehemu ndiyo tunayoiita kutegea, na anayetegea mara nyingi hajijui. Mie sikujijua.

Tahadhari moja. Usisome pishi za watu kwa sauti kama matokeo ya mtihani. Mwenzetu mmoja ana maradhi ya viungo, na usiku ule wa pili macho yake yalinitosha. Sasa namuonesha kila mtu ya kwake ya jana na ya leo, basi.

Ila usidhani kila kazi inapenda watu. Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba kuwepo kwa wengine kunaipa nguvu kazi uliyoizoea na kunaiharibu ile ngumu au ngeni kwako. Mwaka 1969 yeye na wenzake walilijaribu kwa mende. Mende aliyetazamwa na mende wenziwe alikimbia mbio zaidi kwenye njia iliyonyooka, na akachelewa kwenye njia ya kukata kona. Ukisoma hayo hutamtazama mende wa jikoni kwa jicho lile. Kwa hiyo kuchambua tunachambua kwa pamoja, na hesabu za sanduku nazifanya peke yangu asubuhi mlango umefungwa, kisha wajumbe wenye funguo za sanduku wanazikagua.

Fedha ilale siku saba

Hapa ndipo ilipo kamati ya harusi. Inaanza na "toa elfu tano tu ya kadi". Ukishatoa, wewe ni mwenzao. Inakuja sare, kitambaa tu. Ukishanunua kitambaa, kuna mshono, na mshono unataka kiatu. Jonathan Freedman na Scott Fraser, mwaka 1966 huko California, waliwaomba watu waruhusu bango kubwa baya la kuhimiza uendeshaji wa uangalifu liwekwe uwanjani mbele ya nyumba zao. Walioombwa ghafla, asilimia 17 walikubali. Waliokuwa wamekubali kijibango kidogo wiki mbili kabla, asilimia 76. Kikundini ombi lolote la fedha linasomwa Jumamosi hii na kupigiwa kura Jumamosi ijayo, na tunaandika ombi zima mpaka kwenye kiatu.

Kabla ya faini

Tuna faini ya shilingi elfu moja kwa anayechelewa, na mwenzetu wa Konde alikuwa anailipa karibu kila wiki. Tukamwita Bibi Saa Mbovu. Siku moja nilikuwa na shughuli hukohuko nikarudi naye. Gari haiondoki mpaka ijae, na siku ile ilijaa baada ya dakika hamsini. Mie nilipofika nimechelewa nilisema, gari. Yeye akichelewa tulisema, mvivu. Lee Ross aliliandika kosa hili mwaka 1977 kwamba ni la msingi kwa binadamu: akikosea mwenzio unaitazama tabia yake, mazingira huyaoni. Sasa kabla ya kuandika faini nauliza swali moja tu, "Umekujaje?", na kikao tumekisogeza nusu saa.

Mwezi uliopita tukaileta ajenda ya kuiuza friza. Nikagawa punje, mikoba ikapita, tukajadili kuanzia kwa wadogo, mwenye ndimu akauliza kama bei haitapanda wakati wa joto, mikoba ikapita tena. Nikamimina kwenye sinia mbele ya watu: mahindi ishirini na nne, kunde moja. Mabaki yakalingana. Kila mtu akawa anaitazama ile kunde. Hakuna aliyesema neno, maana tumekubaliana kura haiulizwi mwenyewe.

Bi Mkubwa akajiweka sawa mtandio, kwa kuwa zamu ya mwisho ni yake. "Kunde ni ya kwangu," akasema. "Mie friza yangu bado naipenda. Lakini uzeni."

Ikachukuliwa Jumatatu, laki nne na ishirini, na mtu wa Limbani anayeuza samaki.